Fedha za Viza: Zimetoka Wapi, na Zikipotea Analia Nani?



Mazungumzo ya leo yanahusu viza ya mwekezaji, ile ambayo nchi tajiri humpa mgeni anayekuja na mtaji. Sitazungumza na matajiri wakubwa. Wao wana mawakili wao. Nazungumza na familia yenye kitu kimoja tu cha thamani: kiwanja cha Kariakoo alichonunua babu, nyumba ya mawe Mji wa Kale Mombasa, shamba la mikarafuu Pemba, duka la jumla Lubumbashi. Mzee ametangulia mbele ya haki, bei ya ardhi imepanda mpaka watu hawaamini, na kijana mmoja wa nyumba hiyo ameleta wazo. Tuuze, anasema, au tuweke rehani, nikafungue biashara Marekani, nami nitawavuta wengine.

Swali la kwanza linaloulizwa hapo ni hili: wenzetu wa huko wanakubali fedha za urithi? Na za mkopo je? Nitajibu bila kuzunguka. Ndiyo, kwa sehemu kubwa wanakubali. Sheria nyingi za viza hizi hazidai kwamba kila senti uwe umeitolea jasho wewe mwenyewe. Zinachodai ni majibu ya maswali mawili. Fedha zimetoka wapi? Na zikipotea, anayeumia ni nani? Neno langu la leo ni kwamba maswali hayo mawili si mali ya afisa wa viza. Ndugu zako wana haki ya kukuuliza hayo hayo kabla yake, na ukiwajibu wao vizuri, tena kwa maandishi, utakuwa umeshamjibu na yule afisa.

Tuanze na Marekani, maana huko ndiko jambo hili limebishaniwa mpaka mahakamani.

Marekani ina viza mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza inaitwa EB-5, iliyotokana na sheria ya uhamiaji ya mwaka 1990. Mgeni anaweka mtaji kwenye biashara itakayoajiri watu 10 wa huko kwa kazi za muda wote. Yeye, mwenzi wake na watoto wao walio chini ya miaka 21 ambao hawajaoa wala kuolewa hupata grini kadi. Kwanza ni ya masharti kwa miaka miwili. Baadaye, kama ajira zimepatikana na mtaji haukuchomolewa, masharti huondolewa. Tangu sheria ilipofanyiwa marekebisho Machi 2022, kiwango ni dola 1,050,000. Kwa mradi ulioko vijijini au penye uhaba mkubwa wa ajira, kiwango kinashuka hadi dola 800,000. Hizo dola laki nane ni karibu shilingi bilioni 2 za Tanzania, au zaidi ya milioni 100 za Kenya.

Ya pili ni E-2. Hii haitoi ukaazi wa kudumu, ila inaweza kuhuishwa kila muda wake unapokwisha maadamu biashara inakwenda. Haina kiwango kilichoandikwa. Mtaji unatakiwa uwe mkubwa ukilinganishwa na gharama ya biashara yenyewe. Lakini ina sharti moja zito: ni kwa raia wa nchi zenye mkataba na Marekani. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo, mkataba wake ulianza kufanya kazi mwaka 1989. Oman imo tangu 1960. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Lubumbashi au Bukavu anaweza kuomba, na Muomani mwenye ukoo Unguja anaweza pia. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi hazimo. Mwenye pasipoti ya nchi hizo, hata awe na mamilioni, kwa E-2 hana pa kuanzia. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo madalali wanaopokea ada ya maombi bila kumuuliza mtu uraia wake. Tena kumbukeni kwamba Marekani hubadilisha mara kwa mara orodha ya nchi zinazowekewa zuio la viza. Mwaka 2025 Burundi iliingizwa. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuangalia pasipoti yako inasomekaje leo. Fedha zinafuata baadaye.

Sasa twende kwenye mkopo.

Kwa miaka mingi utaratibu wa EB-5 ulikuwa unaeleweka hivi: fedha taslimu ni mtaji, na deni pia laweza kuhesabiwa kuwa mtaji, mradi liwe limewekewa dhamana ya mali ya mwekezaji mwenyewe. Mwaka 2015 idara ya uhamiaji ya Marekani, USCIS, ikasema kwamba mtu akikopa fedha, akazipokea, kisha akaziingiza kwenye mradi kama fedha taslimu, hizo nazo zitahesabiwa kuwa deni, na lazima aonyeshe dhamana yake. Wawekezaji wawili waliokuwa wamekopa kwenye kampuni zao wakakataliwa maombi. Wakaenda mahakamani. Mwaka 2018 mahakama ya Washington iliwapa haki, na Oktoba 2020 mahakama ya rufaa ikaukubali uamuzi huo. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: ukishakopa na fedha zikawa mkononi mwako, ukaziweka kwenye biashara, umeweka fedha taslimu. Anayekudai anakudai wewe. Mradi haudaiwi kitu.

Kwa hiyo, kwa EB-5, mkopo hata usio na rehani unaweza kukubalika. Unaweza kukopeshwa na mjomba, na kampuni yako, au na benki. Lakini sikilizeni vizuri sehemu ya pili. Sheria ya 2022 ilikaza kamba upande mwingine. Inataka mkopo au zawadi iwe ya kweli, isiwe njia ya kuficha fedha chafu. Na kama sehemu kubwa ya mtaji imetoka kwa mtu binafsi na si benki, basi mtu huyo naye ataulizwa alizipataje. Mjomba wako atatakiwa kutoa taarifa zake za benki, kumbukumbu zake za kodi kwa miaka hadi 7, na hati za mali aliyouza kama aliuza. Je, mjomba yuko tayari? Ulimuuliza kabla hujaandika jina lake kwenye fomu?

Kwenye E-2 mstari umepigwa mahali pengine, nao ni mstari wa kukumbuka. Tuchukue mfano. Mtu wa Lubumbashi anataka kununua duka la vyakula Dallas kwa dola 150,000. Mfukoni ana 60,000. Muuzaji anamwambia, usijali, hizo 90,000 utanilipa kidogo kidogo, duka lenyewe liwe rehani. Kwa sheria ya E-2, zile 90,000 hazihesabiki. Biashara ikianguka, muuzaji atachukua duka lake, na mwekezaji atakuwa amepoteza 60,000 tu. Lakini kama mtu huyo angeweka rehani nyumba yake mwenyewe ya Lubumbashi, au akakopa kwa saini yake tu, fedha hizo zingehesabika, kwa sababu hasara ingemfuata yeye mpaka nyumbani kwake.

Mnaona sheria inavyofikiri? Kukopa haikukatazi. Inachotaka ni kuona umejitia kwenye hatari kweli. Hapo ndipo ninapoomba mtu mwenye familia asimame kidogo, avute pumzi. Maana sharti linalompendeza afisa wa viza ndilo linaloweza kuwatoa watoto wako kwenye nyumba yao. Mkopo mzuri kwa viza ni mkopo mkali kwa nyumba. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume au mke kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ridhaa hiyo isiwe saini ya kuvizia, karatasi inasukumwa mezani wakati mama anapika, anaambiwa weka hapa dole gumba. Mweleze. Mwambie kiasi, mwambie riba, mwambie nini kitatokea mambo yakienda kombo.

Na riba tuihesabu pamoja. Chukua mkopo wa shilingi bilioni 2 kwa riba ya asilimia 15, ambayo si ngeni katika mabenki yetu. Kila mwaka riba peke yake ni milioni 300. Mradi wa EB-5, kwa upande wake, hauruhusiwi kukuhakikishia kwamba fedha zako zitarudi. Sheria inataka ziwe hatarini. Faida inayotolewa na mingi ya miradi hiyo ni ndogo sana, kwa sababu wenye miradi wanajua unachonunua hasa ni grini kadi. Basi hizo milioni 300 zitatoka wapi, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano? Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na hapa matanga yenyewe yanaweza kuchukua miaka mingi.

Wala msidhani hatari hiyo ni ya kwenye makaratasi tu. Katika jimbo la Vermont kulikuwa na mradi wa hoteli na michezo ya theluji unaoitwa Jay Peak. Ulikusanya zaidi ya dola milioni 350 za EB-5 kutoka kwa watu wa nchi zaidi ya 70. Aprili 2016 mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani iliwashtaki wenye mradi kwa udanganyifu, na mwaka 2022 wakuu wake walihukumiwa kifungo. Sasa fikiria mtu aliyeweka humo fedha zake za akiba, na jirani yake aliyeweka humo fedha za mkopo. Wa kwanza amepoteza akiba. Wa pili amepoteza, na benki bado inapiga simu.

Tumalize habari ya mkopo kwa jambo moja linalotuhusu sana sisi, watu wa kusaidiana kwa mdomo. Shangazi anampa mpwa wake milioni 200. Kwenye karatasi za ubalozi wanaandika ni zawadi, kwa sababu zawadi inaonekana safi. Lakini chini ya mkeka wamekubaliana atazirudisha. Huo ni uongo mbele ya serikali ya nchi nyingine, na kwa Marekani mtu akibainika amedanganya kwa makusudi kwenye jambo la msingi, anaweza kufungiwa mlango maisha. Halafu kuna upande wa shangazi. Amesaini kwamba ni zawadi. Mpwa akigoma kulipa, shangazi ataenda mahakamani na nini? Karatasi aliyosaini ndiyo itakayomnyima haki yake. Kama ni mkopo, andikeni mkopo. Kama ni zawadi, basi iwe zawadi mpaka moyoni.

Sasa tufike kwenye urithi, na hapa nitakaa zaidi, maana hapa ndipo penye machozi.

Fedha za urithi zinakubalika karibu kila mahali. Marekani inazikubali kwa EB-5 na kwa E-2. Kuna tanbihi moja kwa E-2: kurithi biashara yenyewe hakuhesabiwi kuwa uwekezaji. Mjomba akifariki akakuachia duka lake la Houston, hujawekeza kitu, umepokea. Lakini akikuachia fedha, nawe ukaziingiza kwenye biashara kwa uamuzi wako, hapo umewekeza. Zaidi ya hapo, utatakiwa kuonyesha mnyororo mzima bila pingili inayokosekana: marehemu aliipataje mali, amefariki lini, nani alipewa usimamizi, mali iligawanywaje, iliuzwa kwa nani, fedha ziliingia akaunti gani, zikatoka kwenda wapi.

Ukisikia orodha hiyo unaweza kusema, mbona rahisi. Basi tuingie ndani ya bahasha ya familia moja ya kawaida tuone kilichomo.

Hati ya kiwanja imeandikwa Mohamedi. Cheti cha kifo kimeandikwa Muhammad, na jina la tatu ambalo kwenye hati halipo kabisa. Muhtasari wa kikao cha ukoo umeandikwa kwa mkono kwenye karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule, mhuri wa serikali ya mtaa umefifia, na kati ya watoto saba waliosaini ni watano. Mmoja yuko Muscat, mwingine wameshindwa kuelewana naye. Barua ya usimamizi kutoka Mahakama ya Mwanzo ipo, safi kabisa. Lakini kuna fomu mbili ambazo hazipo: namba 5, yenye orodha ya mali na madeni ya marehemu, na namba 6, yenye hesabu ya namna mali ilivyogawanywa. Mirathi ilifunguliwa miaka mingi iliyopita, haikufungwa. Msimamizi aliendelea kukusanya kodi ya nyumba, akiwagawia wenzake kila mwezi kadiri alivyoona inafaa.

Sasa msimamizi huyo huyo, au mwanawe, ndiye anayetaka kwenda Marekani na fedha za kiwanja. Afisa wa viza, ambaye hamjui marehemu wala hajawahi kufika Kariakoo, anauliza swali dogo: katika fedha hizi, sehemu yako ni ipi? Na hakuna jibu. Barua ya usimamizi inasema wewe ni msimamizi. Haisemi wewe ni mwenye mali. Msimamizi wa mirathi ameshikishwa amana tu. Fedha kuwa kwenye akaunti yenye jina lake hakuzifanyi kuwa zake.

Hili, wasikilizaji, si sharti la Wamarekani wala la wazungu wowote. Ni sheria yetu wenyewe. Tanzania, msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa apeleke orodha na hesabu zake ndani ya miezi 4, au muda mwingine mahakama itakaompa. Kenya, hati ya usimamizi huthibitishwa na mahakama kwa kawaida baada ya miezi 6, na hati ya uthibitisho huonyesha kila mrithi na fungu lake. Kwa Waislamu, mpangilio unajulikana tangu chuoni: gharama za mazishi kwanza, kisha madeni ya marehemu, kisha wosia usiozidi theluthi, ndipo warithi wapate mafungu yao, mama fungu lake, mjane fungu lake, binti fungu lake. Hakuna mahali paliposemwa kwamba fungu la binti liende kumnunulia kaka yake viza, naye aambiwe baadaye.

Na mara nyingi ni binti. Tuseme ukweli. Familia inapokusanya fedha zake zote ili mmoja aende, anayechaguliwa mara nyingi ni mtoto wa kiume, na wanaotakiwa kuacha mafungu yao ni dada zake na mjane. Wanaambiwa, ndugu yenu akifika atawakumbuka. Pengine atawakumbuka kweli. Wengi ni watu wema. Lakini Dallas kuna kodi ya nyumba, kuna bima, kuna watoto wa shule, na huyo mtu mwema naye anaweza kuzidiwa. Akifariki akiwa huko, dada yake atadai nini, kwa nani, kwa karatasi gani? Deni lililoandikwa linadaiwa kwenye mirathi ya aliyekufa. Ahadi ya sebuleni haina pa kuandikwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari hapa ni karatasi moja ambayo kila mtu angeweza kusaini jioni ile ile ya kikao.

Kwa hiyo nashauri hivi. Gawaneni kwanza. Kila mrithi apate fungu lake kwa jina lake, ikiwezekana kwenye akaunti yake mwenyewe, hata kama litalala humo siku tatu tu. Kisha kila mmoja aamue kwa hiari: fungu langu nampa ndugu yangu liwe zawadi, au namkopesha, au naingia naye ubia, au naliweka kwangu. Kila uamuzi uandikwe peke yake na kusainiwa mbele ya wakili. Hapo mwombaji atakwenda ubalozini na fungu lake la urithi, zawadi ya dada mmoja, na mkopo wa kaka mwingine, kila kimoja kikiwa na chanzo kinachoonekana. Afisa ataona mnyororo uliokamilika. Na dada aliyesema hapana atabaki na haki yake bila kugombana na mtu.

Wako watakaoniambia hivyo itachukua muda mrefu na wakili anataka hela. Nakubali. Lakini muda huo utautumia tu, ama sasa kwa utulivu, ama baadaye ukiwa umekwama, barua ya ubalozi mkononi inataka nyaraka kwa tarehe fulani, na ndugu wawili hawapokei simu zako.

Tuangalie nchi nyingine kwa haraka, ili isije ikaonekana hili ni jambo la Marekani peke yake.

Uingereza ilikuwa na viza ya mwekezaji ambayo zamani iliruhusu waziwazi fedha za mkopo: mtu aliyekuwa na mali safi ya pauni milioni 2 aliweza kukopa pauni milioni 1 kwenye benki iliyosajiliwa huko, akaiwekeza. Novemba 2014 kiwango kikapandishwa hadi pauni milioni 2 na mlango wa mkopo ukafungwa. Februari 2022 viza yenyewe ikafutwa. Lakini kesi zilizobaki zinafundisha. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua shauri la mwombaji aliyekopeshwa pauni milioni 1 na kampuni moja, kwa mpango kwamba fedha hizo ziende moja kwa moja kwenye kampuni nyingine iliyohusiana na mkopeshaji. Mwombaji hakuwa na uwezo wa kuzielekeza kwingine. Mahakama ikasema fedha hizo hazikuwa chini ya mamlaka yake, na akashindwa. Kwa hiyo ukisikia mtu anakuambia, njoo, sisi tutakukopesha, sisi tutakuwekezea, wewe saini tu, jua kwamba wenzako walishapita njia hiyo, na waliishia mahakamani.

Hispania, kabla ya kufunga Aprili 2025 viza yake ya mwekezaji, iitwayo viza ya dhahabu, ilikuwa inataka yuro 500,000 za kwanza za nyumba ziwe huru kabisa na rehani. Ukitaka nyumba ya bei zaidi, kilichozidi ndicho ukope. Falme za Kiarabu, ambako ndugu zetu wengi wanafanya biashara, zina viza ya dhahabu kwa mwenye nyumba ya thamani ya dirhamu milioni 2, na zinaruhusu iwe imenunuliwa kwa mkopo wa benki zilizoidhinishwa huko. Lakini ukichagua njia ya kuweka dirhamu milioni 2 kwenye mfuko wa uwekezaji, mtaji lazima uwe wako wote, si wa mkopo, na uthibitishe hivyo. Nchi moja, mlango mmoja, masharti mawili. Ndiyo maana habari ya kuambiwa na rafiki aliyefanikiwa haitoshi. Inawezekana yeye alipita upande ambao wewe hupiti.

Wasikilizaji wangu, sisemi mtu asiende. Pwani hii yetu imejengwa na watu waliokwenda na watu waliokuja, na mtaji wa kusafiria tangu zamani ulitoka kwa baba, kwa mjomba, kwa tajiri aliyekopesha. Hakuna aibu kusafiri kwa fedha za marehemu baba yako. Pengine ndiyo safari aliyoitamani. Hakuna aibu kukopa kwa jambo la maana. Ninachokataa ni mali ya watu saba kuwa ndoto ya mtu mmoja kabla ya hao sita kuulizwa. Nakataa pia nyumba kuwekwa rehani huku walalao ndani yake hawajui.

Basi mwenye nia hii aifuate hivi. Aangalie kwanza kama uraia wake unamruhusu. Afunge mirathi mahakamani, majina yaliyotofautiana yarekebishwe kwa hati ya kiapo, fomu ya hesabu ipelekwe na ipokelewe. Fungu lake na mafungu ya wenzake yatenganishwe, na kila zawadi na kila mkopo upate karatasi yake. Fedha zipite benki, zisipite mikononi, kwa sababu fedha zilizopita mkononi hazina njia ya kuonyeshwa. Kodi ya mauzo ya mali ilipwe na risiti itunzwe. Kama ni mkopo, akae chini na mwenzi wake wahesabu: mradi ukifa kesho, deni tutalipa kwa kipato kipi? Kama hawana jibu, wasikope. Ndipo atafute wakili wa uhamiaji, na amlipe wakili, si dalali.

Akifanya hayo, anaweza kunyimwa viza bado. Maafisa wananyima, sheria zinabadilika, milango inafungwa kama ilivyofungwa London na Madrid. Lakini atakayenyimwa baada ya kupita njia hii atarudi nyumbani akiwa na mirathi iliyofungwa, ndugu wanaojua fungu lao, na nyumba isiyodaiwa kwa siri. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachohitaji ruhusa ya ubalozi. Kwa hiyo anzeni navyo.